Kesi ya Mhanga na Ufa wa Ardhi

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Hiyo ni pakawa ya mtu aliyekula au ya mgonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa kaeni nyuma, na simu zenu zimeni, maana nikisikia moja inalia naondoka na hadithi yangu. Leo sina ya kuchekesha. Nawapa hii niliyo nayo, na anayetaka kulia alie, hakatazwi mtu.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa wakipika na kushtakiana kama sisi, palikuwa na nchi tambarare. Nchi nzuri. Nyasi huku, nyasi kule. Upande mmoja mlima unaotoa moshi, upande mwingine mlima usiotoa kitu. Na katikati ya nchi ile palipita ufa.

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba. Mbuni aliupita bila kutazama chini. Watoto waliuchezea. Ruka huku, ruka kule! Ruka huku, ruka kule! Lakini ulikuwa mrefu, umetoka kusikojulikana unakwenda kusikojulikana. Na kina chake hakikupimika. Ukitupa kijiwe unasikia ti... ti... ti... halafu basi, husikii tena.

Mkuu wa nchi alikuwa Kongoni. Mtemi Kongoni. Kongoni ana uso mrefu, mnamjua. Ukimwona unadhani amefiwa jana. Yeye akitaka kusema jambo hupanda juu ya kichuguu, anyooshe shingo, atazame mbali. Hata akiwa hana la kusema hupanda, atazame mbali.

Basi Mtemi Kongoni alikuwa na methali moja aliyoipenda kuliko watoto wake.

"Wahenga walisema!"

"Walisema!" wanyama wanaitikia.

"Usipoziba ufa?"

"Utajenga ukuta!"

"Basi twendeni tukazibe!"

Kila mwaka kabla ya masika mbiu inapigwa, msaragambo unaitishwa, kila mnyama aje kazini. Swala anabeba mawe. Tumbili anabeba udongo kwa kibuyu. Kanga wanaparura vumbi, pe pe pe pe, kazi kidogo kelele nyingi. Wanajaza ufa. Wanaushindilia kwa miguu, pu! pu! pu! Jioni wanakula, wanacheza ngoma, wanalala. Masika yanakuja. Mvua inanyesha. Udongo unatitia chini, kubwi! Asubuhi ufa uko pale pale, wazi, tena umepanuka kidogo.

"Hatukushindilia vizuri," anasema Mtemi Kongoni.

Mwaka unaofuata wanashindilia zaidi. Kubwi!

Wanangu, methali ile ni nzuri, mimi mwenyewe naitumia kwa ukuta wangu wa jikoni. Lakini wahenga walisema juu ya nyumba. Hawakusema juu ya dunia. Wanyama wale hawakujua tofauti, na hapo ndipo walipopotea.

Sasa katika nchi ile aliishi Mhanga. Masikio marefu, pua ndefu, ulimi mrefu, makucha kama majembe. Kazi yake moja tu: kuchimba. Anachimba nyumba, analala siku chache, anahama, anachimba nyingine. Akihama, wengine wanahamia. Nungunungu anahamia. Mbweha anahamia. Hakuna anayebisha hodi wala anayesema asante. Nusu ya nchi ile ililala katika nyumba za Mhanga na haikujua hata jina la mama yake.

Nisiwadanganye, Mhanga hakuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa na majivuno. Ukimsalimu anakujibu huku anachimba, vumbi linakuingia machoni. Ukikosea neno anakucheka. Na siku moja, kwa ulafi wake wa mchwa, alichimba chini ya kichuguu cha Mtemi. Mvua ikanyesha, kichuguu kikalala chini, po! Mtemi Kongoni akaanguka nacho, miguu juu, mbele ya watu. Kanga wakacheka mpaka jioni. Mtemi akainuka, akajifuta vumbi. Aliliweka moyoni.

Jirani wa Mhanga alikuwa Mama Ngiri. Mama Ngiri alikuwa na watoto watatu: Tope, Vumbi, na kitinda mimba wao Kijungu. Walikaa katika nyumba iliyochimbwa na Mhanga, na kila jioni waliingia kama ngiri wanavyoingia, kinyumenyume, makalio kwanza, uso mlangoni, ili adui akija akutane na pembe. Mama Ngiri alikuwa mjane. Watoto wale ndio waliokuwa kila kitu chake. Akisikia jani limeanguka anawahesabu.

Siku moja Mama Ngiri alipika uji wa ulezi. Uji ukapoa, ukafanya utando juu. Mhanga akapita, akasikia harufu, akakaa bila kukaribishwa.

Mama Ngiri akamuuliza, "Ndugu Mhanga, wewe unaishi chini kuliko sisi. Ule ufa ni nini? Watoto wanauruka kila siku nami roho inaniruka."

Mhanga akacheka. "Ninyi mnaoziba dunia kwa vibuyu! Lete hicho chungu. Kirudishe motoni. Watoto, njooni mtazame."

Chungu kikarudi motoni. Wakatazama. Juu utando umetulia, kimya. Chini moto unawaka. Mara uji wa chini ukaanza kusogea. Tokota, tokota. Utando ukatikisika. Ukapasuka katikati, paa! Kipande kimoja kikaenda huku, kipande kingine kikaenda kule. Pale katikati uji wa moto ukaruka juu, tobwe! ukamchoma Vumbi puani.

"Umeona?" akasema Mhanga. "Ardhi tunayoikanyaga ndiyo utando. Si kipande kimoja. Imegawanyika mabamba, mabamba makubwa, kila moja linabeba nchi na milima na maziwa. Chini yake kuna mwamba wenye joto kali. Ni mgumu, lakini kwa joto lile unasogea, polepole kuliko asali kwenye baridi. Ukisogea, mabamba yanasogea nao."

"Na huku?" akauliza Kijungu. Vipande viwili vya utando vilikuwa vimekutana ukingoni mwa chungu. Vimesukumana, vimejikunja, vimefanya makunyanzi.

"Huko mabamba yanagongana," akasema Mhanga. "Yakigongana ardhi inajikunja, inapanda juu. Unapata milima mikubwa. Kwingine yanapitana ubavu kwa ubavu, yanakwaruzana, kwaru kwaru, nchi inatetemeka. Sisi hapa tuko pale yanapoachana. Huku bamba moja, kule bamba lingine. Ufa ndio mahali pa kuachana. Na mlima ule unaotoa moshi ndio tobwe lililomchoma Vumbi."

Mama Ngiri hakuamini. Nani angeamini? Mhanga akamchukua mpaka ufani, akamwinamisha atazame ukuta wa upande ule. "Taja rangi kutoka juu."

"Nyekundu. Kisha jivu jeupe. Kisha nyeusi yenye kokoto."

"Sasa taja za upande huu."

"Nyekundu. Jivu jeupe. Nyeusi yenye kokoto." Mama Ngiri akainuka. "Ndugu Mhanga, huu ulikuwa mkeka mmoja. Umechanwa."

"Na bado unachanwa. Polepole, kama kucha inavyokua. Kucha huioni ikikua, lakini ukikaa bila kuikata utajikwaruza nayo. Iko siku, wajukuu wa wajukuu wasiohesabika wameshakufa, bahari itaingia hapa."

"Basi hakuna hatari. Ni polepole."

Hapo Mhanga akaacha kucheka. "Inavutwa polepole. Haikatiki polepole. Kamba ikivutwa inavumilia, inavumilia, siku moja inakatika, taa!"

"Lini?"

"Sijui. Na atakayekwambia anajua, mfukuze. Ila ardhi ikitetemeka na mlima ukitema moto, chukua watoto uingie chini, kwenye nyumba zangu za upande wa miamba. Zile nimezichimba fupi, kwenye udongo mgumu, hazibomoki kirahisi. Jivu la moto halitawakuta."

Mama Ngiri akayaweka maneno hayo moyoni. Jueni hivyo, wanangu. Kuanzia siku ile alijua.

Masika yakapita, na ufa ukapanuka kuliko miaka yote. Mtoto wa Swala akaruka kama alivyozoea. Hakufika. Ti... ti... ti... Mama yake alisimama pale siku nzima akisikiliza.

Nchi ikawaka kwa hasira. Wanyama wakakusanyika. Mtemi Kongoni akapanda kichuguu kipya.

"Ufa ni nini?" akauliza.

Hakungoja jibu.

"Ufa ni shimo refu. Au siyo?"

"Ndiyo, Mtemi!"

"Na mwenye mashimo katika nchi hii ni nani?"

"Mhanga!"

"Sisi tunaziba. Anayefukua ni nani?"

"Mhanga!"

"Mleteni."

Wakamleta. Mhanga akasimama katikati, vumbi mwilini, anapepesa macho kwa jua. Akaeleza habari ya chungu. Akaeleza habari ya mabamba. Lakini alieleza vibaya, kwa dharau, kama mtu anayewafundisha wajinga. Kanga wakapiga kelele, "Nchi inatembea! Mmesikia? Nchi ina miguu!" Wakacheka. Mama wa yule mtoto wa Swala aliyekufa hakucheka. Alimtazama Mhanga tu.

Mhanga akaimba:

*Si mimi, si mimi,*
*ni chini, ni chini.*
*Chungu chachemka,*
*utando wapasuka.*

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema Mtemi Kongoni. "Mama Ngiri! Simama. Wewe unalala katika mashimo ya mtu huyu. Unamjua kuliko sisi. Na ajulikane mapema, yeyote atakayekuwa upande wake atapata atakachopata yeye, yeye na kizazi chake. Haya, tuambie. Mhanga anachimba au hachimbi?"

Mama Ngiri akasimama. Akawatazama watoto wake. Tope alikuwa pale. Vumbi alikuwa pale na kovu lake puani. Kijungu alikuwa pale, ameshika mkia wa kaka yake. Akamtazama Mhanga, na Mhanga alimtazama yeye kwa utulivu kabisa, maana alikuwa na hakika na shahidi wake.

"Anachimba," akasema Mama Ngiri.

Akakaa.

Hakusema uongo. Mhanga alikuwa anachimba, hata kipofu alijua. Lakini kuna kweli inayosemwa ili kweli nyingine isisemwe, na Mama Ngiri alilijua hilo kabla hajafika chini kukaa. Alijisikia vibaya mno. Alijiambia, nina watoto.

Wakampeleka Mhanga kwenye mwamba. Mwamba mtupu, hauna udongo hata wa kujaza kiganja. Wakauzungushia miiba, wakaweka Kanga walinde.

"Akae hapo," akasema Mtemi. "Asipochimba, ufa utasimama. Ufa ukisimama, tumejua."

Mhanga akapaza sauti kutoka juu ya mwamba. "Vizuri! Wekeni ufito juu ya ufa, uguse huku na uguse kule. Tutaona!"

Wakaweka ufito. Ulifika kingo zote mbili barabara.

Siku zikaenda. Kanga walimletea Mhanga majani. Mhanga hali majani. Mhanga anakula mchwa. Akayanusa, akayaacha. Mama Ngiri alipita jioni na mchwa kwenye jani la mgomba, akampenyezea chini ya miiba. Mhanga akala. Hakumlaumu. Hilo lilimuuma Mama Ngiri kuliko lawama. Akaja tena, akampa tena. Kisha Kanga mmoja akaona alama za kwato. "Pe pe pe! Nani anamlisha mchawi?" Mama Ngiri akaogopa. Akaacha kupeleka.

Makucha ya Mhanga yakakua, maana hakuwa na pa kuyasugulia. Yakapinda. Akawa anakwaruzika akitembea, kwaru, kwaru, juu ya jiwe. Mvua ikaja, ikapita. Siku moja Swala akakimbia kutoka ufani, pumzi juu.

"Ufito umeanguka! Ufito haufiki tena!"

Nchi nzima ikaenda kutazama. Kweli. Nafasi iliyoongezeka ilikuwa ndogo, urefu wa kucha. Waliporudi mwambani, Mhanga akanyoosha mkono wake nje ya miiba, umekonda.

"Haya, tazameni kucha zangu! Zimekua! Sijachimba! Nani amechimba? Nani?" Akaimba, lakini sauti haikutosha tena kwa wimbo mzima:

*Si mimi, si mimi,*
*ni chini...*

Wanyama wakatazamana. Mnadhani walimfungulia? Ah, wanangu. Hamuwajui watu.

Mtemi Kongoni akanyoosha shingo, akatazama mbali. "Sasa tumejua," akasema. "Huyu hachimbi kwa makucha peke yake. Anachimba kwa moyo."

"Uuuu!" wanyama wakashtuka. "Anachimba kwa moyo!"

Basi. Moyo utauonyeshaje kwamba haujachimba?

Mama Ngiri akapita chini ya mwamba jioni ile, akijifanya anatafuta mizizi. Mhanga alikuwa amelala ubavu.

"Mama Ngiri."

"Naam."

"Leo umekuja na mchwa?"

"Sikuja nao."

"Haya," akasema Mhanga.

Asubuhi Kanga wakamkuta amekufa. Aliyekuwa akijua habari ya chini ya nchi akafia juu ya jiwe, kwa njaa, huku mchwa wamejaa kila upande. Mimi nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila nikifika hapa natamani nimpe mchwa mwenyewe.

Mtemi Kongoni akapiga mbiu. "Mchawi amekufa. Sasa tuzibe mashimo yake yote, lisibaki hata moja, ufa usipate pa kuanzia. Wahenga walisema!"

"Walisema!"

Msaragambo mkubwa ukafanyika. Wakaziba mashimo ya nyikani. Wakaziba ya kando ya mto. Wakaziba ya upande wa miamba. Mawe, udongo, pu! pu! pu! Mama Ngiri naye alibeba mawe. Angekataa angeulizwa kwa nini. Aliziba mlango wake kwa mikono yake, akajenga kibanda cha nyasi, na Kijungu akamuuliza, "Mama, tutaingiaje kinyumenyume kwenye nyasi?" Akamwambia anyamaze.

Ufa ukatulia kiangazi kile. Wakasema, "Si unaona? Ni yeye." Wakacheza ngoma.

Kisha ikawa asubuhi moja. Asubuhi ya kawaida, umande bado uko kwenye nyasi. Ndege wakanyamaza. Kijungu alikuwa ng'ambo, ameruka kwenda kuchimbua viazi mwitu, maana kwao palikuwa bado panarukika, pembamba. Tope na Vumbi walikuwa mlangoni.

Gudu gudu gudu gudu!

Ardhi ikatetemeka. Miti ikatikisika kama mtu anayepepeta mchele. Kamba iliyovutwa miaka yote ikakatika, taa! Ufa ukafunguka, ukafunguka, ukafunguka. Upande mmoja ukaporomoka chini, ukawa genge. Na mlima ule wa moshi ukapiga mngurumo, ukatema moto na mawe na jivu, mbingu ikawa nyeusi.

"Chini!" akapiga kelele Mama Ngiri. "Twende chini! Upande wa miamba!"

Akakimbia, mkia juu, Tope nyuma, Vumbi nyuma. Wakafika. Akageuka, akaingiza makalio kinyumenyume. Jiwe. Akakimbia shimo la pili, akageuka. Jiwe. La tatu, jiwe. Nchi nzima ilikuwa ikikimbia vile vile, Nungunungu, Mbweha, Sungura, kila mmoja anafukua alipoziba mwenyewe, na walikuwa wameshindilia vizuri sana. Jivu la moto likashuka. Mama Ngiri akawalalia watoto wake, akawafunika kwa mwili wake. Lakini mwili wa mama una mwisho, na watoto walikuwa wameshakua. Vichwa viliingia ndani. Migongo ilibaki nje.

Jivu lilipotulia, Mama Ngiri aliinuka, ngozi imeungua. Tope hakuinuka. Vumbi hakuinuka. Aliwaita kwa majina. Akawaita tena kwa majina.

Waliobaki wakakusanyika, wachache, weupe kwa jivu. Mtemi Kongoni alikuwa hai. Watu wa namna yake huwa hai. Vichuguu vilikuwa vimevunjika vyote, akapanda juu ya lundo la mawe.

"Ndugu zangu," akasema, "bado yuko anayechimba."

Macho yakageuka taratibu. Yakamwangukia Nungunungu, ambaye makucha yake yalikuwa na udongo, maana ametoka kufukua mlango. Nungunungu akaanza kurudi nyuma.

Hapo Mama Ngiri akasimama. Akasema yote. Akasema habari ya chungu, habari ya utando, habari ya ukuta wenye rangi zile zile huku na kule. Akasema, "Ardhi ni mabamba. Yanaachana. Yalianza kuachana kabla ya babu zenu, na yataachana baada yenu, hata mkimuua kila mwenye makucha. Hayana hasira nasi wala hayatujui. Mhanga alisema kweli, nami nilijua, nikanyamaza. Na mashimo yale mliyoyaziba yangetuficha."

Wakamsikiliza mpaka mwisho. Mama yake yule mtoto wa Swala akaanza kulia. Mtemi Kongoni akamtazama Mama Ngiri kwa ule uso wake mrefu.

"Mbona hukusema siku ile?" akauliza, taratibu, karibu kwa upole. "Ungesema, tungekusikia."

Mama Ngiri akainamisha kichwa.

Wanangu, ilikuwa uongo. Mimi nasema ilikuwa uongo, wasingemsikia, wangempandisha kwenye mwamba pamoja na Mhanga. Lakini yeye hatajua kamwe. Huenda wangemsikia. Huenda mmoja tu angesikia, na mmoja angetosha kuacha shimo moja bila kuzibwa. Neno lile liliingia ndani yake likakaa, na halijatoka mpaka leo.

Na Nungunungu? Wakamkamata. Ndiyo. Baada ya kusikia yote yale, wakamkamata. Kukasirikia Nungunungu kulikuwa rahisi kuliko kuishi juu ya ardhi inayotembea.

Mama Ngiri akawaacha. Akatembea mpaka genge. Ng'ambo, mbali, kitu kidogo kilikuwa kinakimbia huku na kule ukingoni.

"Mamaaa!"

"Kijunguuu!"

Alikuwa hai. Yule mmoja alikuwa hai; upepo ulikuwa umelisukuma jivu upande wa huku. Mama Ngiri akatafuta pa kuvukia siku ile, akatafuta mwezi ule, akatafuta mwaka ule, kaskazini mpaka alikochoka, kusini mpaka alikochoka. Ufa haukuwa na mwisho. Basi akakaa ukingoni. Kila asubuhi anakuja, anaita. Kila asubuhi Kijungu anakuja, anaita. Wanasimuliana. Kijungu akaota pembe, mama akaziona kwa mbali. Kijungu akapata mke, mama akaambiwa kwa kelele. Kijungu akapata watoto, akawanyanyua mmoja mmoja waonekane, na Mama Ngiri akawahesabu.

Na ardhi inakwenda. Kama kucha inavyokua. Hakuna anayeiona.

Mama Ngiri akazeeka, sauti ikapungua. Upepo wa bondeni ukazidi. Asubuhi moja Kijungu akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Mama! Sikusikii! Sogea karibu!"

Na kwato za Mama Ngiri zilikuwa tayari ukingoni.

Haya, futeni machozi, msikie funzo, maana ngano bila funzo ni kelele za Kanga. Ardhi inatembea, imegawanyika mabamba, na hakuna aliyeituma. Inapotetemeka, msitafute mchawi. Tafuteni pa kujificha, na msimwonee anayewaonyesha. Na wewe unayeijua kweli, iseme siku ile unapoulizwa. Kesho yake utaisema yote mpaka mwisho, na haitamrudisha mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo hapo, kwenye genge, na sina daraja la kuwavusha. Nendeni mkalale, na kila mtu amshike mwenzake mkono.